Ramadhani najizuia, ikimalizika najiachia

SWALI: "Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamme wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, nakaa Wete na nina duka la vyakula mtaani kwetu. Tatizo langu siwezi kujizuia. Nikisema leo sivuti, kabla ya adhuhuri nimeshavuta sigara tatu, na dukani mwenyewe nauza sigara mojamoja. Droo ya duka naifungua kila mara, elfu mbili hapa, elfu tano pale, mwisho wa mwezi pesa ya kununulia mzigo haitimii. Usiku nashika simu naangalia video fupifupi mpaka saa saba au saa nane, alfajiri naamka hoi. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka sita alimwaga uji juu ya daftari la madeni, nikampiga kofi mpaka akaanguka. Tangu siku ile nikiingia ndani yeye anatoka. Kinachonishangaza ni kuwa Ramadhani huwa mtu mwengine kabisa: mchana kutwa sivuti, sigombi, na akiba napata. Rafiki zangu wanasema ni kwa sababu mashetani hufungwa mwezi ule. Mke wangu anasema sina azma. Je, nafsi yangu ni dhaifu? Kuna dawa au mazoezi ya kuikaza?"

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu.

Umeuliza kuhusu sigara, droo, simu na hasira, lakini mimi nilisita kwenye sentensi moja: nikiingia ndani yeye anatoka. Nadhani hiyo ndiyo iliyokukalisha ukaandika. Nitafika kwa mtoto, na nitakaa hapo. Ila nianze na Ramadhani, kwa sababu jibu la swali lako umelitia mwenyewe ndani ya barua.

Hilo la mashetani kufungwa ni la dini, na sheikh wako atakueleza vizuri kuliko mimi. La fani yangu ni hili. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo saumu yetu mwaka wowote ni saa kumi na tatu na ushei. Mtu anayekaa muda wote huo bila ya chakula, bila ya maji na bila ya sigara, siku 29 au 30 mfululizo, katika joto la duka la bati, huyo hana nafsi dhaifu. Azma unayo. Unachokikosa ikiingia mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ni kitu chengine, na ukikijua unaweza kukitafuta.

Tazama mwezi ule unavyokubeba bila ya mwenyewe kuhisi. Sisi Mashafii hunuia kila usiku. Maana yake uamuzi wa kutokula kesho unaufanya umeshiba, umetulia, na hakuna kitamu mbele yako. Adhuhuri ikifika, tumbo linanguruma, huna cha kuamua tena, lilishaamuliwa jana. Mpaka wenyewe hauna utata, ni adhana ya alfajiri na adhana ya magharibi, hakuna "nitapunguza" wala "nitajitahidi". Mikahawa imefungwa mchana, muuza kahawa hapiti barazani mpaka jua lizame, na hakuna rafiki atakayekunyooshea sigara saa nne ya asubuhi. Anayetaka kuvunja saumu inabidi ajifiche, na kujificha ni kazi.

Kama huamini kuwa mazingira yana nguvu kiasi hicho, muulize yeyote anayefunga sita, zile siku sita za sunna za mfunguo mosi. Saa ni zilezile, joto ni lilelile, na mtu ni yuleyule aliyemaliza mwezi mzima juzi. Lakini wengi watakwambia sita zinawalemea kuliko Ramadhani, kwa sababu nyumba nzima inakunywa chai mbele yao.

Nikupe kisa cha nyumbani kwangu. Mwanangu wa kike alifunga mara ya kwanza akiwa na miaka minane. Ilipofika saa kumi na moja jioni mama yake yuko jikoni anakaanga kaimati, harufu ya iliki imeenea mpaka uani. Nilimuona amesimama mlangoni mwa jiko, macho kwenye karai, anameza mate. Halafu akageuka, akatoka, akaenda kukaa barazani, mgongo ameuelekeza mlangoni, akaanza kuhesabu vespa zinazopita. Alifika kumi na saba kukaadhiniwa. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Alijua tu kuwa pale mlangoni hatoweza, na barazani ataweza.

Jambo hilohilo mwanasaikolojia Walter Mischel aliliona Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970. Aliwakalisha watoto wadogo mbele ya kitamu, akawaambia anayesubiri bila ya kukila atapewa viwili. Walioweza kusubiri hawakuwa wenye kukikazia macho kwa ushujaa. Walikuwa wale waliojifunika macho, waliojiimbia, waliogeuka upande wa pili. Na kitamu chenyewe kilipofichwa, watoto walisubiri muda mrefu zaidi. Baadaye watu wakalikuza jaribio hili, wakasema mtoto asiyesubiri ameshapotea maisha yake yote. Hilo usilibebe. Mwaka 2018 watafiti walilirudia kwa watoto wengi zaidi, wakaona kuwa ukizingatia hali ya nyumbani na malezi, sehemu kubwa ya utabiri ule inayeyuka.

Kwa watu wazima ni hivyohivyo. Nchini Ujerumani, katika utafiti uliotoka mwaka 2012, watu 205 walipewa vifaa vilivyowauliza mara kadhaa kwa siku wanatamani nini na kama wanashindana na tamaa hiyo. Ungedhani wenye kujizuia sana ndio wanaopigana sana na nafsi zao. Ikawa kinyume: wao mapambano yao yalikuwa machache. Maisha yao yamepangwa hivi kwamba hawakutani na kishawishi kila saa. Ndiyo maana nasema mke wako amekosea kidogo anaposema huna azma. Unayo, lakini unaichosha kwa kuiita mara mia kwa siku, pale dukani, mkono ukiwa sentimita chache kutoka kwenye pakiti iliyofunguliwa.

Umeuliza kama kuna dawa au mazoezi. Dawa ya azma hakuna, na anayekuuzia asikupate. Mazoezi ya kuikaza nafsi kwa jumla, kama vile kujilazimisha jambo moja dogo ili uwe na nguvu katika mambo yote, ushahidi wake ni dhaifu na sitaki upoteze miezi. Pia pengine umesikia kuwa nguvu ya kujizuia ni kama betri, ukiitumia asubuhi jioni imekwisha. Nadharia hiyo ilivuma tangu mwaka 1998, lakini mwaka 2016 maabara 23 zililirudia jaribio lake kwa pamoja na athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Nakueleza haya kwa sababu mtu aliyeamini kuwa "betri imekwisha" anajipa ruhusa. Uchovu wa kweli upo, hasa wa kukosa usingizi, na huo wako nauona waziwazi.

Basi tuichukue Ramadhani tuihamishie kwenye miezi myengine. Usianze mambo manne kwa pamoja. Mtu akiniambia kuanzia Jumatatu ataacha sigara, simu, matumizi na hasira, huwa najua Jumatano atakuwa wapi.

Anza na simu, kwa sababu ndiyo nyepesi na ndiyo inayoyalisha mengine matatu. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu ana subira fupi, na sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari na hasira huwa kali zaidi usingizi ukikosekana. Usijiambie "leo nitaangalia kidogo", hizo video zimetengenezwa zisiwe na mwisho. Simu ilale dukani, imo kwenye chaji, mlango umefungwa. Kama unaogopa kutakuwa na dharura usiku, nunua kitochi, ndugu wawe na namba yake. Wiki ya kwanza utajigeuzageuza kitandani kama mtu aliyepoteza kitu. Ndivyo inavyokuwa, na inapita.

Droo ni tatizo la aina nyengine. Wewe hujiibii kwa kuwa ni mwizi. Unafungua droo moja ambayo ndani yake mtaji, faida, pesa ya chakula na pesa ya mfukoni zote zinalala kitanda kimoja. Noti ya elfu tano haina alama ya kusema mimi ni ya mzigo wa unga. Kwa hivyo kila ukifungua unaamua upya, na uamuzi wa saa tano asubuhi mbele ya muuza samaki aliyesimama mlangoni na changu wabichi si wa kutegemea. Fanya kama nia ya usiku. Ukae na mke wako siku moja mmetulia, mpange mshahara wako wa siku, kiasi mnachoona duka linakihimili. Ukifunga duka unauchukua huo, unauandika kwenye daftari, na pesa ya mzigo inahama palepale. Mchana droo ni ya chenji tu.

Ihamie wapi? Nikiulizwa mimi, kibubu na upatu, mambo ambayo bibi zetu waliyajua kabla yetu. Magharibi mwa Kenya kulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambamo watu walipewa kisanduku cha kufuli cha kuwekea pesa za afya. Ufunguo wa kisanduku walikuwa nao wenyewe, na bado kiliwasaidia kuweka, kwa sababu pesa iliyotiwa mle ilikuwa imeshapata jina. Waliowekeza kupitia kikundi chao cha kuchangiana walisaidika zaidi. Lakini kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mtu mwengine hakikuwafaa wengi, watu waliogopa kufunga pesa wasiyoweza kuigusa. Zingatia hilo kabla hujamkabidhi mtu mtaji wote kwa shauku ya siku moja. Na msimu wa karafuu, madeni ya daftari yanapolipwa kwa mkupuo na kila mtu Pemba ana pesa mkononi, ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Panga kabla majamvi ya kuanikia karafuu hayajatandikwa.

Sigara sasa. Hapa sitaki ujifananishe na mtu anayependa halua. Nikotini ni uraibu wa mwili. Inafika kwenye ubongo katika sekunde chache baada ya kuvuta, kisha damuni inapungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na ikipungua unapata wasiwasi, kichwa kizito na ukali. Sigara ya pili inaondoa maumivu yaliyoletwa na ya kwanza, wewe ukadhani imekutuliza. Ukiacha kabisa, siku chache za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, halafu ndani ya wiki tatu au nne mwili unatulia. Ramadhani unavumilia mchana, lakini ukifuturu unavuta, kwa hivyo kila siku unapanda mlima uleule na kila usiku unarudi chini. Ugumu wote umeulipa, faida hukuichukua. Inasikitisha, maana ulikuwa umeshafika mbali.

Kuhusu kuuza mojamoja nitakuwa mkweli: bora kabisa ni kuacha kuuza. Najua ina wateja, na anayekuja kununua sigara hununua na sukari. Kama huwezi kuiacha mwezi huu, basi pakiti iliyofunguliwa isiwepo. Uza pakiti nzima tu, ziweke juu kabisa nyuma ya mabeseni, pahala pa kupandia kigoda. Utapoteza faida kidogo. Pima mwenyewe na kiasi unachokivuta bila ya kukiandika. Halafu nenda hospitali uulizie dawa za kusaidia kuacha. Vibandiko na jojo za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Hazipatikani kila pahala, lakini kuuliza ni bure. Ikiwa sigara ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa tangu kuamka, uraibu wako ni mzito na usijione mnyonge kutaka msaada.

Utateleza. Wengi walioacha sigara walijaribu mara kadhaa kabla haijashika. Hapa pia Ramadhani inakufundisha. Msafiri aliyekula siku mbili hazitupi ishirini na nane zilizobaki. Anaendelea, na mbele ya safari atalipa kadha. Lakini katika mambo yetu haya mtu akivuta moja anasema "basi, leo imeshaharibika", anamaliza pakiti. Mtafiti Philippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na mwaka 2010 wakaeleza kuwa wastani ni siku 66, wengine siku 18 na wengine wakikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Na uone hesabu yenyewe: mwezi mmoja kwa wengi hautoshi, sembuse mwezi ambao siku ya Idi mazingira yote yanabadilika kwa pamoja.

Nimefika kwa mtoto.

Kofi lile lilikuwa kosa, nawe unalijua, kwa hivyo sitalirudia rudia. Kwanza mtazame. Kofi likitua sikioni linaweza kupasua ngoma ya sikio. Kama analalamika maumivu, anatoka majimaji au ukimwita kwa upande mmoja haitiki, mpeleke hospitali leo na umwambie daktari ukweli.

Hasira kama ile ina mwendo wake. Moyo unakwenda mbio, taya zinakaza, mikono inapata moto, na mwili umeshajiandaa kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kufikiri, haijapata nafasi ya kusema "huyu ana miaka sita na ule ni uji." Nafasi hiyo ni fupi, na wewe siku ile ulikuwa umelala saa chache, pengine nikotini imeshuka, na kilichomwagiwa uji ni daftari lenye pesa ambazo hazitimii. Sikupi udhuru. Nakuonesha kwa nini nilikwambia uanze na simu.

Watu watakushauri uitoe hasira, upige mto, upige kelele peke yako. Usifanye. Katika jaribio la Brad Bushman la mwaka 2002 waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika. Kinachosaidia umefundishwa tangu chuo cha Kurani: ukiwa umesimama, kaa. Mwili uliokaa hauwezi kurusha mkono kwa urahisi, na pumzi inapata kushuka. Lakini mafundisho yanasahaulika pale moto unapowaka, kwa hivyo yape pahala na alama. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonesha kuwa nia iliyofungwa na tukio maalumu, "likitokea hili nitafanya lile", inatimizwa zaidi kuliko nia ya jumla. Yako iwe hivi: "Nikisikia taya zinakaza, nitakaa juu ya gunia la mchele na viganja nitaviweka magotini." Gunia lile lile lililo karibu na mizani. Fanya zoezi hilo mara kumi ukiwa na furaha, duka halina mtu, ili siku ya hasira miguu iwe inaijua njia. Daftari lihamie kwenye rafu ya juu. Mtoto wa miaka sita atamwaga tena.

Kuna pahala barua haitoshi. Ukimpiga tena mtoto, au mkono ukienda kwa mke wako, usisubiri. Vilevile kama kuna madeni ya kamari au dawa za kulevya ambayo hukuyaandika, kama huzuni imekukaa wiki mbili mfululizo hata vitu ulivyovipenda havikupi raha, kama unawaza kujidhuru, au kama kutotulia na kukurupuka huku ulikuwa nako tangu udogoni skuli. Hizo zina matibabu yake na hazitaki kupangiwa droo. Hapo Pemba anzia hospitali ya Wete au ya Chake Chake, mwambie daktari unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Unguja ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Najua watu wanavyolisema jina lile, lakini wanaoingia pale ni watu kama wewe na mimi, wana kazi zao na watoto wao.

Usiku wa leo iache simu dukani. Kesho asubuhi kabla hajakwenda skuli, mtafute mwanao. Kaa chini, urefu wako uwe sawa na wake, usimshike. Mwambie: "Nilikosea kukupiga. Wewe ulimwaga uji kwa bahati mbaya, na mimi ni mkubwa, sikutakiwa kukupiga." Usimwambie "lakini na wewe uwe mwangalifu". Pengine hatokujibu, pengine atatoka kama kawaida yake. Mwache atoke. Siku ya pili kunywa chai yako pale anapochezea, fanya hivyo na siku ya tatu, mpaka mwenyewe aje kukuomba kipande cha mkate.